Bwana Harusi wa Akiba

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka kwenye semina ya hatari za biashara nikiwa mtu mpya! Mtoa mada, tai shingoni, amesema mfanyabiashara hodari haingoji hatari, anaitangulia. Nilipiga makofi peke yangu. Mke wangu hakusisimka. Amesema mashine yangu ya kuchapia ikiendelea kulala hadi Jumamosi, inakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na chumba kinakuwa saluni. Saluni! Mashine aliyoniachia marehemu baba!

Jumanne, 4 Machi

Kazi imekuja yenyewe! Mpwa wangu anaolewa. Ukumbi umeshapatikana, bwana harusi bado. Wachumba ni wawili, fundi pikipiki na mwalimu wa hesabu. Kesho jioni atamtaja mmoja. Dada yangu anataka kadi papo hapo, la sivyo kazi inakwenda kwa Bwana Skrini, jirani wa ng'ambo ya barabara anayetengeneza kadi za kwenye simu na kujiona kafika. Hatari hiyo! Nimeitangulia. Kadi ya fundi na kadi ya mwalimu, ubavu kwa ubavu, karatasi moja kubwa. Atakayekosa ni wa akiba.

Jumatano, 5 Machi

Mashine imenguruma mchana kutwa! Nilifungua madirisha makusudi, Skrini asikie. Jioni mpwa kapiga simu: ni mwalimu. Nikamwambia kadi ziko tayari. Akasema, Mjomba, wewe kiboko! Nikakata karatasi, nikayagonga marundo yote pamoja yanyooke, rundo moja nene, linapendeza! Bahasha, gundi, mbio kwa dada. Zimesambazwa usiku huuhuu.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Nusu ya ukoo imealikwa kwenye harusi ya mwalimu, nusu kwenye harusi ya fundi. Ukumbi uleule, siku ileile, bibi harusi yuleyule! Fundi kapata kadi yake, anazunguka mtaani akipiga honi kwa furaha. Mwalimu kaja amenuna, kaniuliza taratibu hesabu hiyo nimeipigaje. Dada kasema mimi si kaka yake tena. Hilo limeniuma kweli. Skrini kanunua soda, kakaa mlangoni kwake kutazama.

Ijumaa, 7 Machi

Mpwa kaja mwenyewe, macho mekundu. Kasema, Mjomba, chapa kadi za kuomba radhi, na useme ni mwalimu, mwalimu peke yake. Nilimhurumia sana. Halafu nikashtuka: kazi nyingine! Hatari moja imezaa kazi mbili! Semina ile ilifaa.

Jumamosi, 8 Machi

Mnunuzi wa vyuma chakavu kafika na mkokoteni, kaikuta mashine inanguruma. Hawezi kuigusa! Mke wangu kaguna tu. Ila nimeona hatari mpya. Mwalimu aliondoka amenuna. Akighairi je? Nimeitangulia! Kadi ya radhi inayosema ni mwalimu na kadi ya radhi inayosema ni fundi, ubavu kwa ubavu, karatasi moja. Mnunuzi alikuwa amekaa bure, nimempa kazi ya kukata na kufunga bahasha. Nimemsisitizia ayagonge marundo yote pamoja, yanyooke.