Kitabu cha Vitone

Jumatatu, 3 Juni
Nimekubaliwa! Jina langu ni la kumi na tisa kati ya ishirini kwenye ubao wa chuo cha mabaharia. Mafunzo yanaanza Jumatatu ijayo: kuzima moto, huduma ya kwanza, kuruka majini na jaketi la kujiokoa. Mimi nimeanza leo leo. Nimejifunga mto kifuani na kuruka kutoka juu ya kabati. Kitanda kimevunjika. Shangazi, ninayeishi kwake, amesema kwa fujo hii mimi tayari ni kapteni. Nimelipokea kama pongezi.

Kimebaki cheti cha afya tu. Nisipokipeleka kabla ya Ijumaa saa sita mchana, nafasi anapewa mtu wa akiba.

Jumanne, 4 Juni
Binamu kaniharibia siku. Ni mtoto wa Shangazi, alihitimu mwaka jana, na kitabu chake cha baharia anakula nacho mezani. Amesema daktari hupima rangi, maana baharia lazima atofautishe taa nyekundu ya meli na ya kijani. Kisha akakumbushia, mbele ya majirani, kwamba kwenye harusi ya dada nilivaa soksi moja ya kijani na nyingine ya kahawia. Ni kweli. Umeme ulikuwa umekatika, lakini ni kweli. Nimekosa hata hamu ya kula.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata dawa! Daktari ana kitabu cha vitone vya rangi, kila ukurasa una namba ndani ya vitone. Kitabu ni kilekile miaka nenda rudi, na Binamu anazikumbuka namba zote kumi na sita. Kaniandikia kwa sharti nimfulie ovaroli yake. Nimefua mara mbili. Kumi na nne, tisa, thelathini na mbili, saba... Nazikariri bafuni kwa sauti. Shangazi kagonga mlango akiuliza nahesabu nini humo, ndoo si ni moja tu.

Alhamisi, 6 Juni
Masikio safi. Presha safi. Daktari akachukua kitabu. Nikakaza macho ukutani, juu ya kichwa chake, vitone visije vikanichanganya. Nikasema kumi na nne kabla hajauliza. Tisa. Thelathini na mbili. Nilitiririka mpaka ya kumi na sita bila kukwama, nikangoja hongera.

Kumbe alianzia ukurasa wa mwisho! Nimepata sifuri. Daktari amesema hata asiyeona rangi kabisa huambulia ukurasa mmoja au miwili, hajawahi kuona ugonjwa kama wangu. Ameniambia nirudi kesho asubuhi, anione tena.

Nimelia njia nzima. Shangazi, ambaye ni fundi cherehani, akamwaga nyuzi zake mezani na kunitaka nimpe nyekundu. Nikampa. Kijani, kahawia, zambarau. Zote nimepata! Amesema macho yangu ni mazima, kilichoharibika kiko nyuma yake. Kesho nitazame kitabu na kutaja ninachokiona, basi. Nimemkumbatia mpaka pini zake zikanichoma. Naona rangi!

Ijumaa, 7 Juni
Naandikia hapa kliniki, kwenye benchi. Nina furaha ajabu. Macho ni mazima, na Shangazi ni mtu wa maana. Lakini mtu makini habahatishi. Tangu alfajiri nimezigeuza namba zote kumi na sita, ya mwisho ikawa ya kwanza, na sasa zinatoka zenyewe. Daktari aanzie nyuma apendavyo, safari hii ananikuta hukohuko.

Mlango umefunguliwa, naitwa. Ameshika kitabu chenye jalada la kijani. Cha jana kilikuwa na jalada jekundu, nimeiona tofauti kutoka hapa benchini bila taabu yoyote. Nafumba macho nizirudie mara ya mwisho.