Sukuma Katika Pori la Serikali

Jumamosi, 13 Septemba
Leo nimekuwa mtetezi wa pori. Hakuna aliyeniomba, viongozi wakubwa hawaombwi. Kuna muswada bungeni unaotaka ardhi ya serikali kuu, hii iliyo nyuma ya maghorofa yetu hapa Scarborough, Kanada, ihifadhiwe iwe pori, pasijengwe kitu milele. Naunga mkono kwa moyo wote. Sukuma wiki yangu, mboga niliyoipanda mwenyewe, iko mle ndani, imefichwa nyuma ya mierezi. Wakijenga nyumba, kwisha!

Nkirote, mke wangu, mama wa binti yetu Kagendo, kauliza kama nimeusoma huo muswada. Nikamjibu kwamba mambo ya nchi mimi huyahisi.

Jumapili, 14 Septemba
Baada ya ibada niliwahutubia Wakenya wenzangu kuhusu pori. Walinyamaza kabisa, kwa heshima. Nkirote anadai ni njaa.

Kwenye lifti nikakutana na Abid, jirani yetu, mzaliwa wa Tanga, mstaafu, mtazama ndege. Anasema kamati ya bunge inakuja Alhamisi kulikagua pori, na atakayewaongoza ni yeye. Yeye! Eti kwa sababu ana darubini!

Jumanne, 16 Septemba
Nimepiga simu ofisi ya mbunge. Nimejitambulisha: Mwenyekiti, Walinzi wa Pori, Tawi la Afrika Mashariki. Mwanachama ni mimi. Nkirote alijiuzulu kabla sijamteua. Wamekubali! Nitatangulia mimi, Abid atafuata nyuma. Nimenunua kofia.

Alhamisi, 18 Septemba
Abid alitaka tupite kando ya mto. Nikasema najua njia ya mkato. Naijua kweli, ndiyo nipitayo na ndoo ya maji. Miguu, kwa mazoea, ikatufikisha moja kwa moja shambani.

Mama mwenyekiti wa kamati akauliza hii ni mimea gani. Nikasema ya asili, haijaguswa na binadamu. Mbona imeota kwa mistari? Nikasema pori la Kanada lina nidhamu. Na ile fulana juu ya kijiti? Hapo nikakohoa.

Abid akaja karibu, akaninong'oneza kwa Kiswahili: "Ndugu yangu, sukuma imekubali, mashallah. Kiri tu."

Nikakiri. Yule mama akanisomea kifungu cha nne cha muswada wangu mwenyewe: hakuna kulima, na aliyelima ang'oe.

Jumamosi, 20 Septemba
Nimeng'oa yote. Mbegu ilikuwa ya mama yangu, ya kule Meru. Iliuma. Sitaandika zaidi.

Abid alikuja kunisaidia kubeba. Nkirote akapika, akamwambia, "Karibu, Mzee Abid, kula. Baba Kagendo leo hana maneno." Abid akala sahani mbili.

Jumatatu, 22 Septemba
Kamati imeandika kwamba pori linavamiwa, kwa hiyo sheria inahitajika upesi. Ushahidi wao ni mimi! Nani mwingine wa jengo hili ametajwa bungeni? Abid? Wapi!

Leo nimetembea hadi ng'ambo ya reli. Kuna kipande kingine cha serikali kuu, udongo mweusi, unanukia mvua, na hakina muswada wowote. Nimeshatoboa mashimo ya kwanza ya sukuma. Kesho namwandikia mbunge akilinde haraka, kabla hawajajenga.