Pete Nene, Pete Nyembamba

Jumatatu, 9 Februari
Ndege hawa wawili wataniua. Wote wadogo, wote wa manjano na kijani, wote wana pete nyeupe kuzunguka jicho. Tofauti? Eti mmoja pete yake nene, mwingine nyembamba! Na hawatulii hata kidogo. Pete-nene wamejaa hapa Eldoret. Mama Rael, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuangalia ndege, anamtaka pete-nyembamba. Atakayemwonyesha kwanza ndiye atakayepewa kazi ya kuongoza wageni kule msitu wa Timboroa. Nimeshamwambia mke wangu Angeline kazi ni yangu. Amesema nikiikosa, naingia dukani kwa kaka yake George kuuza misumari. Shemeji George! Heri nife.

Jumanne, 10 Februari
Nimemwita Mama Rael mbio mpaka kwangu Kapsoya, kwenye ua wangu wa miti ya miiba, kayaba. Pete-nyembamba, nimeapa. Akainua darubini. Akashusha. Akasema Bwana Wakoli, huyo ni pete-nene, tena hata darubini haikuhitajika. Kigen alikuwepo. Kigen huwa yupo! Naye anaitaka kazi. Akanieleza polepole niangalie nini, kama anayefundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Heri angenitukana.

Alhamisi, 12 Februari
Nimepata dawa ya Kigen. Nimempigia, nikamwambia binamu yangu amemwona pete-nyembamba Moi's Bridge, kwenye mipera nyuma ya maghala ya mahindi. Sina binamu Moi's Bridge. Sijui kama kuna mipera. Kesho atazunguka huko siku nzima, mimi niwinde kwa amani. Akasema asante ndugu yangu, Mungu akubariki. Nilijisikia vibaya mpaka chai ilipoiva.

Ijumaa, 13 Februari
Ajabu! Asubuhi, kwenye kayaba yangu, pete-nyembamba. Yeye mwenyewe! Pete kama uzi. Ametulia kabisa, anakula mdudu.

Sasa sheria ya kikundi: ndege hahesabiwi mpaka mwanachama wa pili amwone kwa macho yake. Nimempigia Mama Rael. Yuko njiani kwenda Moi's Bridge, amempa Kigen lifti. Nimempigia Purity, mweka hazina. Yuko nyuma kwenye gari hilohilo, anakula njugu. Kikundi kizima kimeenda kwa binamu yangu! Nimemvuta Angeline nje na mwiko wake mkononi. Amemwona, amesema ni mzuri. Lakini Angeline si mwanachama. Nimemsihi ajiunge sasa hivi. Amesema ugali unaungua. Ndege akaenda zake. Nimekaa chini kwenye nyasi, karibu nilie.

Jumamosi, 14 Februari
Mkutano kwa Mama Rael, Sugoi. Wamemwona. Moi's Bridge. Kwenye mipera. Nyuma ya maghala! Picha ipo. Kigen amepewa kazi.

Kigen akasimama mbele ya wote akasema shukrani zimwendee Bwana Wakoli na binamu yake, tupigiwe makofi. Wakapiga. Nikasema hata mimi nilimwona mmoja jana, kwangu. Wakacheka kwa upendo. Mama Rael akanijazia kikombe cha mursik, maziwa yake ya mgando, akauliza huyo binamu anaitwa nani, angependa ajiunge na kikundi. Nikasema Wakoli. Sote ni Wakoli.

Jumatatu, 16 Februari
Dukani kwa George. Misumari ya inchi tatu nimeichanganya na ya inchi nne. George amefoka mbele ya wateja, akaniuliza kama nina macho. Mimi! Mtu wa ndege!

Lakini nimekaa nikafikiria, na kosa nimeliona. Moi's Bridge ni karibu mno. Kigen anaanza kazi Jumatano, na asipofika Timboroa siku ya kwanza watahitaji mtu mwingine. Kwa hiyo nimempigia, nikamwambia nina binamu mwingine Lodwar, mbali kule jangwani, ameona ndege wa ajabu kabisa. Kigen amefurahi sana. Anamuuliza Mama Rael kama kuna nafasi kwenye gari.