Mzee Maxwell Apandishwa Ligi Kuu

Jumapili, 3 Agosti
Wazo! Katika mchezo wetu wa kompyuta, ule wa kuendesha timu za besiboli, ninamlea mrushaji chipukizi wa ligi ndogo, kipaji adimu. Mchezo unaruhusu kubadili majina. Nimempa jina la Mzee Maxwell, baba yake Shirleen. Kwetu baba mkwe huenziwa kwa jina la mjukuu. Mimi sina mtoto, wala mke, lakini nina mrushaji. Shirleen, ambaye naye ana timu katika ligi yetu, alicheka hadi akampigia mzee simu Penrith. Nimealikwa chakula cha mchana Jumapili ijayo! Mlo huo ndio utakaoamua kama naruhusiwa kumchumbia Shirleen. Fiacre, Mrundi ninayeishi naye hapa Guildford, anasema jina halirushi mpira. Nikamjibu kwa hoja. Alisinzia kabla ya hitimisho.

Jumanne, 5 Agosti
Mzee ameanza kufuatilia. Anauliza kwa nini yuko ligi ndogo. Nikamwandikia nadharia yangu kwa urefu: kipaji kikipandishwa kabla ya kuiva, huharibika. Akajibu kwamba yeye ameiva tangu mwaka wa sabini na nane. Shirleen akanitumia ujumbe wa sauti: "Muriuki, dad alikuwa headmaster. Unamweka nursery aje?"

Alhamisi, 7 Agosti
Nimempandisha ligi kuu, kinyume cha nadharia yangu mwenyewe. Mechi ya kwanza, dhidi ya timu ya Fiacre. Aibu! Kila mpira aliourusha Mzee Maxwell ulipigwa ukatua jukwaani, pointi kwa Fiacre. Fiacre akaja jikoni kunipa pole, akaomba nimkabidhi mrushaji huyo, naye anipe mpigaji wake bora. "Mon cher, rafiki yangu, mzee amechoka. Niachie nimpumzishe." Nimbadilishe baba mkwe kwa mpigaji, tena kabla ya mlo? Nilikataa kwa ufasaha.

Jumamosi, 9 Agosti
Suluhisho la heshima. Kuna orodha ya majeruhi, ambamo meneja aweza kumficha mchezaji yeyote. Nimemweka humo: goti, msimu mzima. Kisha nikatangaza katika kundi la WhatsApp la kanisa, kwa kuwa nusu ya ligi yetu imo humo: "Kwa masikitiko makubwa tunaarifu kwamba Mzee Maxwell ameumia goti vibaya, wala hatarajiwi kurejea mwaka huu." Sikutaja mchezo. Nathari njema haielezi kila kitu.

Jumapili, 10 Agosti
Treni hadi Penrith. Suti, tai. Ua umejaa magari! Kanisa zima limekuja kumjulia hali mzee, na chupa za chai, chapati na mkongojo. Mchungaji alikuwa amelishika goti. Kila mzee alipojaribu kusimama aeleze, kina mama walimkalisha kwa upendo. Wageni wakaimaliza nyama yangu. Walipoondoka, mzee akaniita kando. "Kijana, nitoe kwenye hiyo timu yako. Halafu tutaona." Shirleen alinisindikiza hadi getini akiuma mdomo. Sikujua kama ni hasira au kicheko.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimetii. Jina limeondolewa. Fiacre ananisihi niachane na majina ya wakwe. Lakini nilitafakari safari nzima ya treni, nikabaini kosa: wazo lilikuwa sahihi, nilikosea mzazi. Ninaye mdakaji chipukizi, mtulivu, hapitwi na mpira. Nimempa jina la Mama Bridget, mama yake Shirleen, na kumpandisha ligi kuu papo hapo, asije akauliza. Tangazo la kundi la kanisa nimeshalituma: Mama Bridget amepandishwa juu, wala hatarudi tena chini. Mara hii nimeandika kwa kirefu zaidi, bila kutaja mchezo.