Kila Shujaa Aliye Mezani

Jumapili, 9 Novemba

Tumepoteza mji mzima jana alasiri, kwa pigo moja. Moja!

Bwana Kutu, adui wa mchezo wetu wa karata, yule anayeozesha madaraja, alishusha mapigo manne. Karata yetu ya mwisho ilisema: Kila shujaa aliye mezani huzuia pigo moja. Shujaa wangu, wa Marlys, wa Curt. Watatu. Lakini wa nne yupo! Ukungu, shujaa wa Verlyn. Karata yake imelala chini ya bakuli la sukari, mbele ya kiti chake, tangu Verlyn ahamie Arizona kwenye joto, kwa ajili ya magoti. Nikasema Ukungu yuko mezani, tena sukari iko juu yake. Nne kwa nne. Mji umepona, leteni soseji.

Marlys akavua miwani. Mkutubi mstaafu, hasahau hata kikohozi. Akaniuliza kama naikumbuka Jumamosi ya kwanza baada ya Verlyn kuondoka, karata iliposema kila shujaa aliye mezani apigwe. Nani aliyesema Ukungu hayupo? Nilikuwa mimi, sawa. Mazingira yalikuwa tofauti. Akasema, "Wa kupigwa hayupo, wa kuzuia yupo. Wewe Gordy ungeingia siasa." Curt akacheka hadi soseji ikampalia.

Mchezo huu ni wa kushirikiana: tunashinda wote au tunashindwa wote. Ndiyo ubaya wake. Nimeshindwa na watu wa upande wangu mwenyewe.

Halafu likaja kubwa zaidi. Marlys akasema kama kiti ni kitupu, basi kipate mtu. Curt akamtaja shemeji yake Rodney, daktari wa meno. Wataamua kwa kura Jumamosi, saa nane mchana, kabla ya kugawa karata. Rodney! Mtu anayeshika karata kwa glavu!

Jumatatu, 10 Novemba

Theluji ya kwanza. Biashara nzuri kwa muosha magari: chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji inatafuna magari. Nikashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba yangu, tunakochezea, eti kukagua bomba. Nikakaa kidogo. Si kwenye kiti chake. Pembeni.

Nilianza kuosha magari nikiwa na ndoo, sifongo na maji ya bomba la Verlyn. Sasa nina vituo viwili. Hakuwahi kunitajia yale maji. Mchezo huu tuliununua pamoja, nusu kwa nusu, majira ya baridi ambayo mashine yangu ya kwanza iliganda na sikuwa na la kufanya. Alikuwa akichanganya karata huku anavuma wimbo wa kanisani, kila mara ubeti uleule, kwa sababu beti nyingine hakuzijua. Na kila mchezo alimtoa Ukungu afe wa kwanza ili mimi nibaki. Sikumwomba. Kihesabu alikosea.

Chumba kile kina vumbi. Macho yaliwasha.

Basi, mpango. Nimewaandikia waliotengeneza mchezo kwa jina la Profesa Haldor Quist wa Iowa, bingwa wa lugha, asiyemjua Gordy Pfaff hata kwa sura. Profesa anaona wazi kwamba karata iliyo juu ya meza iko mezani.

Jumanne, 11 Novemba

Leo ni kuinunua kura ya Curt. Nimempa kuponi niliyoichapa mwenyewe: Mwenye kuponi hii ataoshewa gari bure majira yote ya baridi. Akaikunja, akaitia mfukoni, akanishukuru sana.

Werevu wangu wakati mwingine unanitisha.

Jumatano, 12 Novemba

Curt anaendesha gari la manispaa la kusukuma theluji. Sikuliwaza hilo.

Limeingia kwenye kituo changu saa mbili asubuhi, na bamba lake la chuma la kusukumia theluji mbele, pana kama mlango wa ghala. Brashi mbili kubwa zimeng'oka, ya tatu imelalia upande. Nikapiga kelele kwamba kuponi ni ya gari lake! Akaitoa mfukoni, akaisoma polepole kama padri: gari. Haikusema la nani. Akaniambia, "Soma karata, mzee." Na kuhusu kura? Akasema hakuona neno kura popote, akageuza na upande wa pili kuhakikisha.

Alisema atarudi Ijumaa. Theluji inakuja.

Alhamisi, 13 Novemba

Jibu! Wananiita Profesa na kunipongeza kwa vituo vyangu viwili vya kuosha magari. (Tangazo langu hujibandika lenyewe chini ya kila barua pepe yangu. Sikuliondoa.) Uamuzi wao: shujaa yuko mezani ikiwa mchezaji wake yuko mezani.

Nikaanguka kitini. Kisha nikasoma tena. Mezani. Meza ipi? Hawakusema!

Nikampigia Verlyn. Sauti ileile. Nikamuuliza amekaa wapi. Akasema jikoni, anakula mayai. Mezani? Mezani. Nusura nibusu simu. Nikamweleza yote, mapigo manne, Rodney, glavu. Akacheka vizuri. Kisha akasema, "Gordy, ndugu yangu, ulinitoa mezani kabla kikombe changu hakijaoshwa. Marlys alinisimulia." Nikamwambia lilikuwa suala la maneno tu. Akauliza ninamtaka yeye au ninataka tu shujaa wake azuie pigo.

Nikasema inategemea swali limeandikwaje.

Akasema mayai yanapoa, akakata.

Ijumaa, 14 Novemba

Gari la theluji limerudi. Brashi ya tatu sasa ni marehemu. Nimechapa kuponi mpya, safari hii bila kosa: gari dogo tu. Curt ameuliza dogo kuliko nini.

Si kitu. Nimekwishashinda. Kiti cha Verlyn nimekipangusa, nimeweka simu juu yake, imeegemea mto. Nimeosha na kikombe chake. Verlyn akiwa jikoni kwake na simu ikiwa wazi, mchezaji yuko mezani, Ukungu yuko mezani, kiti kina mtu, na Rodney arudi kwenye meno yake. Na ikija karata ya kila aliye mezani apigwe? Nitasema simu si mtu.

Nimemtumia ujumbe, neno kwa neno:

Verlyn. Kahawa itakuwa tayari kesho, hata kama huwezi kuinywa. Hakuna mwingine anayevuma ule wimbo. Nijibu moja kwa moja: upo mezani au hupo? Ndiyo au hapana, kabla ya saa nane mchana, saa za huku. Usiniandikie "labda", wala usiniulize meza ipi.