Milioni Moja na Moja Haigawanyiki

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimerukwa kama kizingiti. Binti yangu kapita mbele yangu, sebuleni kwangu, na daftari la hesabu, kampelekea mjomba wake. Shemeji huyu ni mwalimu wa hesabu. Kila jioni yuko hapa, anakunywa chai yangu na kunichukulia mwanangu. Nikauliza, na mimi je? Binti akasema kwa adabu kwamba baba ni fundi wa mabango, hesabu ni za mjomba. Iliniuma! Lakini mimi si mtu wa kulala na uchungu. Nitatafuta namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Kubwa. Yangu.

Jumanne, 4 Juni
Nimeichagua: 1,000,001. Milioni tupu ni laini, kila mtu anaikata. Ukiiongezea moja inakaza. Kwa saba, inabaki mbili. Kwa kumi na moja, mbili. Kwa kumi na tatu, mbili tena! Namba hii ina msimamo. Nagawia nyuma ya bango la zahanati. Mbele bado sijaandika kitu.

Jumatano, 5 Juni
Nimemaliza! Orodha ya namba tasa kwenye kitabu cha binti inaishia 97, nami nikaishia hapo hapo. Imebaki 28. Nimeipaka ukutani kwa karakana, rangi nyekundu, herufi za futi mbili: 1,000,001 NAMBA TASA, HAIGAWANYIKI. Kinyozi wa jirani kauliza nani alitaka kuigawa. Shemeji kauliza nimefika wapi. Nikamwambia mwisho. Akauliza mwisho wa nini. Mwenye wivu ajinyonge!

Alhamisi, 6 Juni
Binti kaja karakana na daftari! Kwangu! Moyo ukanijaa. Akauliza kama nilijaribu 101. Nikamjibu kwamba haimo kitabuni. Akaomba ngazi, akapanda na chaki, akagawa chini ya maandishi yangu, ulimi nje. 9,901. Hakikubaki kitu. Kinyozi akapiga makofi, na mteja wake, kichwa kimenyolewa nusu, naye akapiga. Nikaona haya mpaka masikioni. Nikauliza kama katumwa na mjomba. Akaapa kwamba kaifanya peke yake, njia nzima kutoka shule, maana ukuta wa baba hauachi mtu kufikiria kingine. Basi! Nikawatangazia wote: huyu ni mwanangu. Damu yangu hiyo!

Ijumaa, 7 Juni
Nimefuta, nimepaka mpya: 10,000,001. Ni kubwa karibu mara kumi, kwa hiyo ni ngumu mara kumi, haina haja ya kusumbuliwa sana. Nimejaribu mpaka saba, ikagoma. Yatosha. Mganga wa zahanati kaulizia bango lake. Nimemwambia elimu kwanza. Binti karudi na daftari, kapita mlango wa mjomba bila kugeuka. Kasimama chini ya ukuta, kanong'ona kumi na moja, kisha kaomba ngazi.

Watoto wa siku hizi! Wivu huu karithi kwa mjomba wake.