Baba Alinivizia Nikiwa na Misumari Mdomoni

Jumatatu, 3 Machi
Nimedhalilishwa! Mimi, mtu wa miaka ishirini, ndevu tisa kamili, fundi makochi namba mbili katika karakana yenye mafundi wawili! Ijumaa Baba alikwenda kikao cha wazazi shuleni kwa mdogo wangu wa kike. Nesi kawaambia waache aibu, wazungumze na watoto habari za mwili na mapenzi, tena mkono ukiwa kazini, bila kukodoleana macho. Baba kaamua aanze na mimi, ajifunzie. Eti kwangu hata akikosea hakuna cha kuharibika!

Mjanja yule. Kasubiri nibane misumari midomoni, kumi na miwili, nagongea kitambaa mgongoni mwa kochi. Ndipo ananiuliza, mwanangu, una mchumba? Nijibu kwa pua? Nikaguna. Akasema guno hilo ni ndiyo. Mteja anayesubiri kiti chake kacheka mpaka kashika mbavu.

Jumanne, 4 Machi
Kaendelea! Leo heshima, na kumsikiliza mwenzako. Nimeguna mara nane. Kunifundisha mimi, ninayejulikana mtaa mzima! Yule dada wa duka la vitambaa si alinichekea wiki iliyopita? Sawa, nilikuwa nimejikwaa kwenye jora, lakini kicheko ni kicheko. Kakubali tutoke Jumamosi saa tisa. Tatizo: Jumamosi ni kazi mpaka jioni. Nisipotokea, fundi saa wa jirani, yule wa mikono laini, atanipiku. Lazima Baba aniachie!

Jumatano, 5 Machi
Mpango. Nikatema misumari, nikainamisha kichwa, nikasema Baba, maneno yako yameniingia, nipe Jumamosi alasiri nikayatafakari. Akasema hanipi kitu mpaka nimuulize swali moja la kweli. Swali! Mimi ni mtu wa majibu!

Nikamtupia la kitoto tu: eti msichana anaweza kushika mimba mara ya kwanza? Kijiweni tunajua wote kwamba hawezi. Baba akaweka nyundo chini. Akasema anaweza, tena vizuri sana, na ushahidi umesimama mbele yake umeshika koleo.

Mimi! Ushahidi!

Akamwita Mama, aliyekuwa nyuma anashona foronya za mito. Mama kakiri bila hata kuacha kutunga uzi. Akasema bibi yangu alimwambia neno moja tu, jichunge, naye hakujua ajichunge na nini. Akasema ndiyo maana sisi tutaambiwa yote, tupende tusipende. Baba akamshika bega. Wakacheka, wazazi wazima, mbele ya wateja! Sijui nitaiweka wapi sura yangu.

Ila ruhusa nimepata.

Jumamosi, 8 Machi
Tumekaa bustanini, benchi moja, soda mbili. Nilitaka dada ajue amekaa na nani. Nikamshushia somo lote, saa moja na nusu: mwili, heshima, na jinsi ilivyo muhimu kumwachia mwenzako nafasi ya kusema. Mara tatu alifungua mdomo. Nikamwambia subiri kwanza, sijafika kwenye kusikilizana.

Akamaliza soda, akasimama. Akasema, kaka yangu, sina ubaya na wewe, lakini sitatoka nawe tena. Kaka! Mimi!

Jumapili, 9 Machi
Baba kauliza ilikuwaje. Nikasema kanipenda ila ana haya. Akauliza kasema nini hasa. Nikamwambia. Akasema basi hiyo ni hapana, mwanangu, na mtu akisema hapana humfuati, humbembelezi, humsumbui kazini kwake. Unamwachia amani yake.

Maneno mazito! Kumbe ndicho kilichokosekana: mimi nimesomeshwa wiki nzima, dada wa watu kaambulia saa moja na nusu. Ataelewaje? Nimeyaandika yote vizuri, kurasa sita. Kesho asubuhi nitakuwa mlangoni pa duka lake kabla hajafungua, nimsomee. Na akikataa kusikiliza, nitarudi mchana.